NENO «MEAT»: JE, NI NYAMA AO NI CHAKULA?



Wale waliokuwa katika kundi la kusoma Biblia siku ya posho jioni wanajua mabishano yaliyotokea. Wale hawakukuwa, nitawaelezea kwa ufupi. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne alileta Biblia ya Kingereza, ile ya zamani, mjomba wake aliyefanya kazi Ndola, kule Zambia, alimwachia. Akafungua kitabu cha Mwanzo, sura ya kwanza, mustari wa 29, akasema kwa sauti: «Angalieni wenyewe. Hapa Mungu anamupatia Adamu meat. Na meat njo nyama, tulifundishwa mwaka wa kwanza. Sasa juu ya nini Biblia yetu ya Kiswahili inasema chakula? Wale walitafsiri walitudanganya!»

Dada mmoja akamjibu: «Lakini yaya, mustari wenyewe unasema majani na matunda ya miti. Mti gani unazaa nyama?» Watu wakacheka sana. Mimi vilevile nilicheka. Lakini yule ndugu hakushindwa. Alifungua Walawi, sura ya pili, akatuonyesha kwamba sadaka inayoitwa kwa Kingereza «meat offering», sisi katika Kiswahili tunaiita sadaka ya unga. Hapo kicheko kikaisha. Unga na nyama si kitu kimoja, hata mtoto anajua hivyo. Kengele ya kulala ikalia tukiwa tungali tunabishana.

Labda ningeacha mambo yale yapite, maana mabishano ya enternati ni mengi na hayana mwisho. Lakini usiku ule mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza, kitanda chake kiko karibu na changu, aliniuliza pole pole: «Yaya, nyanya yangu anasoma Biblia ya Kiswahili kila jioni. Njo kusema anasoma uongo?» Sikuwa na jibu. Kesho yake nilienda kwa mwalimu wetu wa Kingereza, akanifungulia kamusi yake kubwa, ile inayoonyesha maneno yalitoka wapi na yalibadilika namna gani. Haya ninayoandika hapa, mengi nimeyapata pale, na mengine nimeyapata kwa kulinganisha Biblia tatu mezani: ya Kingereza, ya Kifaransa na ya Kiswahili.

Jambo la kwanza: zamani «meat» haikuwa na maana ya nyama. Waingereza wa kale, mbele ya mwaka 1066, walikuwa wanasema «mete», na maana yake ilikuwa chakula. Chakula cho chote: mkate, uji, mboga, matunda, samaki. Nyama yenyewe ilikuwa na neno lake lingine, ambalo leo linaandikwa «flesh». Ndugu zao wa kaskazini ya Ulaya wameshika maana ile mpaka sasa. Mswidi akisema «mat» anasema chakula. Mnorwe vilevile. Wamisionari Waswidi na Wanorwe walifanya kazi miaka mingi huku Kivu, na wazee waliokaa nao wanaweza kukumbuka neno lile walipoitana mezani.

Kisha, kidogo kidogo, neno likaanza kupungua. Tangu karibu mwaka 1300 watu wakaanza kusema «meat» kwa kutaka kutaja kile chakula wanachokipenda kupita vingine, ni kusema nyama. Maana mbili zikaishi pamoja miaka mingi sana, kama wake wawili katika nyumba moja. Mwishoni ile ya nyama ikamfukuza mwenzake. Leo Mwingereza akisikia «meat» hafikiri tena majani wala unga.

Sasa angalieni tarehe. Biblia ile ya mjomba wa ndugu yetu ni ile inayoitwa ya King James, iliyotolewa mwaka 1611. Wakati ule maana mbili zilikuwa zingali hai. Tena watafsiri wake walikuwa wamepewa amri ya kufuata Biblia ya Maaskofu ya mwaka 1568 na kuibadilisha pale tu inapohitajika, kwa hiyo Kingereza chao kilikuwa kimezeeka kidogo hata siku kitabu kilipotoka. Walipoandika «meat» walitaka kusema chakula, na msomaji wa siku zile alielewa bila shida yo yote. Kitabu hakikudanganya. Lugha ndiyo iliyohama nyumba, na kitabu kikabaki palepale.

Ukishajua hivi, mistari mingi inafunguka. Katika Matayo, sura ya 3, King James inasema kwamba «meat» ya Yohana Mbatizaji ilikuwa nzige na asali ya pori. Nzige, sawa, wengine wetu tumewala na tunaweza kukubali kuwaita nyama. Lakini asali? Hakuna mtu anayeita asali nyama. Katika Waebrania, sura ya 5, mwandishi analinganisha maziwa ya watoto na chakula kigumu cha watu wazima. Kingereza cha zamani kinasema «strong meat». Kwa sababu ya neno lile mtu anaweza kusimama mbele ya kanisa na kuhubiri juu ya nyama ngumu, meno na kutafuna, na watu wakaitikia amina, nayo nyama haimo.

Na ile sadaka? Someni Walawi 2 mpaka mwisho. Mtaona unga laini, mafuta, ubani, chumvi. Chachu na asali zimekatazwa zisichomwe. Nyama haionekani hata mara moja. Yaani katika sadaka zote za wanyama na damu zinazoandikwa katika kitabu kile, hii inayoitwa «meat offering» ndiyo ambayo haina nyama ndani! Waingereza wenyewe waliona kwamba jina linapoteza watu. Biblia yao iliyosahihishwa mwaka 1885 ikaandika «meal offering», ya mwaka 1952 ikaandika «cereal offering», na nyingine ya mwaka 1978 ikaandika «grain offering». Segond yetu ya Kifaransa inaandika «offrande» tu. Kiswahili kilisema unga tangu mwanzo wa mustari.

Lakini mujihazari na lile «meal». Mwaka wa pili tulifundishwa kwamba «meal» ni wakati wa kula: asubuhi, muchana, jioni. Basi mtu atasema sadaka ya mlo. Hapana. Kuna «meal» mbili zisizo na baba mmoja. Moja ilitoka katika neno la kale lenye maana ya kipimo ao saa iliyowekwa, nyingine ilitoka katika neno la kusaga, na maana yake ni unga. Wale walio na ndugu Zambia wanaijua hii ya pili vizuri, maana kule unga wa bukari unaitwa «mealie meal», na mfuko wake unavuka mpaka kuja mpaka Lubumbashi.

Kuna mistari miwili ambapo jambo hili linagusa makanisa yetu, si masomo tu. Wa kwanza ni katika 1 Timoteo, sura ya 4, ambapo Paulo anasema juu ya watu watakaokataza kuoa na kuamuru wengine wajiepushe na «meats». Nimekwisha kusikia mtu akitumia mustari ule, Biblia ya Kingereza mkononi, kumshambulia jirani yake asiyekula nyama ya nguruwe. Lakini neno la Kigiriki pale ni vyakula, na Segond inaandika «aliments». Simsemi nani ana haki katika habari ya nguruwe, hiyo ni kazi ya wachungaji. Nasema tu kwamba neno «meats» peke yake halitoshi kumfunga mtu mdomo.

Wa pili ni 1 Wakorinto 8, mustari wa mwisho, na huu ndio ulionipendeza. Pale King James inatumia maneno yote mawili katika mustari mmoja: «meat» mbele, «flesh» nyuma. Kama «meat» ingekuwa nyama, Paulo angekuwa anarudia neno moja bila faida. Kumbe anasema: kama chakula kinamkosesha ndugu yangu, mimi sitakula nyama. Anapanda kutoka kitu kikubwa kwenda kitu kidogo ndani yake. Kiswahili kinatofautisha vizuri, chakula kwanza, nyama baadaye. Nilimwonyesha yule ndugu wa mwaka wa nne mustari huu, akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Bon. Huu njo umenishinda.»

Msifikiri Waingereza peke yao ndio wenye neno la kuhama. Neno «viande» la Kifaransa, ambalo tunaliandika kila siku, lilitoka katika Kilatini, na maana yake ilikuwa vitu vya kumfanya mtu aishi. Mpaka karibu miaka ya 1600 Mfaransa aliweza kusema «viande» akiwa anataka kusema chakula kwa jumla. Nalo likapungua namna ileile, mpaka likabaki nyama, na neno la zamani «chair» likabaki kwa mwili. Lugha mbili zimetembea njia moja bila kupatana!

Na sisi? Kwetu nyama ni nyama ya sahani, na ni nyama ya pori inayotembea kwa miguu yake. Kilingala kinafanya vilevile. Wa pwani ya Tanzania wanatofautisha, wanasema mnyama na nyama, lakini huku mtu akisema «niliona nyama mu njia», hatumwulizi ilikuwa imepikwa ao hapana. Na mboga je? Mgeni anafikiri mboga ni majani. Lakini muulize mama jikoni: «Mama, leo mboga ni nini?» Anaweza kukujibu sombe, ao lengalenga, ao sambaza, ao nyama ya mbuzi. Mboga ni kile kinachosindikiza bugali. Hata siku ya posho yenyewe, tunayoihesabu kila juma, ilitoka katika chakula: ilikuwa siku wafanyakazi walipopewa posho yao. Basi tusiwacheke Waingereza.

Neno hili la mboga linanirudisha katika Biblia mara moja tena. Katika Yohana 21 Yesu anasimama kando ya bahari asubuhi na kuwauliza wanafunzi wake waliokuwa wakivua. Kingereza cha 1611 kinamfanya aulize kama wana «meat». Segond inamfanya aulize kama hawana kitu cha kula. Kiswahili cha Union Version kinasema kitoweo. Mwalimu aliniambia kwamba neno la Kigiriki ni kitu kinacholiwa pamoja na mkate, yaani kitoweo kabisa, ile sisi tunaita mboga. Kwa wavuvi wale kilikuwa samaki. Kwa hiyo katika mustari ule, kati ya zile Biblia tatu zilizokuwa mezani, Kiswahili ndicho kilichokaa karibu zaidi na Kigiriki. Nilirudi mbio enternati kumtafuta yule mtoto wa mwaka wa kwanza. Alikuwa anafua. Nilimwambia nyanya yake asome bila wasiwasi. Akaniuliza kama anaweza kuandika habari hii katika barua, nikasema ndiyo, basi kama nyanya yuko kati ya wasomaji wa karatasi hizi, tunamsalimu.

Sasa tuje katika matumizi ya leo, maana mitihani inakaribia na mwalimu hataulizia mambo ya 1611.

Leo «meat» ni nyama ya mnyama inayoliwa. Haihesabiwi: hatusemi «two meats» tukitaka vipande viwili, tunasema «two pieces of meat». Wengi wetu tunakosea hapa kwa sababu Kifaransa kinaruhusu «les viandes». Matamshi yake ni sawasawa kabisa na «meet», kukutana, hakuna tofauti hata kidogo, sikio halikusaidii. «Flesh» leo ni nyama ya mwili wa mtu ao wa mnyama aliye hai, na ni neno la Biblia. Ukienda kwa muuza nyama Lusaka ukaomba kilo moja ya «flesh», atakuangalia vibaya. Samaki kwa Waingereza wengi si «meat». Kuku, inategemea mtu.

Majina ya nyama yenyewe yatawafurahisha, maana mnayajua tayari bila kujua kwamba mnayajua. Ng'ombe akiwa malishoni ni «cow» ao «ox», akifika mezani ni «beef». Nguruwe ni «pig», nyama yake «pork». Kondoo ni «sheep», nyama yake «mutton». Ndama ni «calf», nyama yake «veal». Sasa semeni kwa sauti: bœuf, porc, mouton, veau. Mmeona? Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandie, alivuka bahari, akawashinda Waingereza pale Hastings, na kwa miaka mingi wakubwa wa Uingereza walisema Kifaransa. Mwandishi Walter Scott, katika hadithi yake Ivanhoe iliyotoka mwishoni mwa 1819, alimweka mchekeshaji mmoja aitwaye Wamba kueleza jambo hili kwa mchunga nguruwe: mnyama ana jina la Kisaksoni wakati mtumwa anamchunga, anapata jina la Kinormani wakati bwana anamla. Maneno makali, na yanakumbukwa mpaka leo. Ukweli ni kwamba mambo hayakwenda mara moja hivyo. Kwa miaka mingi watu waliweza kusema «beef» hata kwa ng'ombe mzima, na mpaka kati ya majina haya ulikazwa baadaye sana. Lakini kwa kushika maneno kichwani, Wamba ni mwalimu mzuri. Mimi najiuliza swali moja tu: nani alimchunga ng'ombe kwetu wakati wa Wabelgiji, na nani alikula «filet»? Tuendelee.

Mbuzi ndiye aliyesahauliwa. Nyama yake haina jina la Kinormani linalojulikana na watu wote, inaitwa «goat» tu. Huko India watu wakisema Kingereza huiita «mutton», ni kusema kama ya kondoo. Mkiandika insha juu ya sikukuu nyumbani, andikeni «goat meat», mwalimu atakubali.

Halafu kuna watoto wa neno «meat» waliokataa kufuata mama yao. «Sweetmeat» si nyama tamu, ni bonbon: hapa maana ya kale imejificha, chakula kitamu. Lakini «sweetbread», ambalo linaonekana kuwa mkate mtamu, ni nyama! Ni tezi za ndama ao mwana-kondoo zinazopikwa. Waingereza wameweka mkate penye nyama, na nyama penye bonbon. «Mincemeat» ni zabibu kavu, matunda ya pomme, mafuta na viungo, wanavyotia ndani ya keki ndogo wakati wa Noeli. Zamani nyama ilikuwamo, baadaye ikatoka, jina likabaki. Nyama ya kusagwa ya kweli ni «minced meat», maneno mawili. Msichanganye. Na nyama ya kopo iliyoandikwa «corned beef» haina maindi hata kidogo. Neno «corn» zamani lilikuwa punje ya kitu cho chote, na hapa ni punje kubwa za chumvi zilizotumiwa kuhifadhi nyama ile. Vivyo hivyo «corn» ya Yosefu kule Misri ilikuwa ngano. Maindi yalitoka Amerika, hayakufika upande huu wa bahari mbele ya safari ya Colombo ya 1492, basi anayechora Yosefu akigawa maindi amekosea miaka mingi.

Katika mazungumzo mtasikia pia «the meat of the matter», nacho ni kiini cha jambo. Kitabu ao hotuba yenye maana nyingi inaitwa «meaty». Mtu akiambiwa «you are dead meat», akimbie, anatishwa. Kuna na mezali yao ya zamani inayosema kwamba «meat» ya mtu mmoja ni sumu ya mwingine. Hapa tena maana ni chakula, na mtu akiitafsiri kwa nyama anaharibu mezali yote.

Neno la mwisho ni «mate», ambalo Waingereza wanalitumia kumwita rafiki ao mwenzi. Mwalimu alinionyesha katika kamusi kwamba linatoka katika ukoo uleule wa «meat», kupitia Wajeremani wa kaskazini: mwenzi ni yule mnayeshiriki chakula kimoja. Kilatini kiliwaza namna ileile, ndipo Kifaransa kikapata «compagnon» na «copain», watu wa mkate mmoja. Yule ndugu wa mwaka wa nne na yule dada aliyemwuliza habari ya mti unaozaa nyama hawakusemezana siku tatu. Siku ya nne walipangwa meza moja, ilikuwa bugali na maharagi, na baba mpishi alikuwa ametia chumvi nyingi sana. Wote wawili wakaomba maji kwa wakati mmoja.